FEDHA ZA MAVUNO: UIKOPESHE SERIKALI AU UNUNUE HISA?



Fedha za shamba haziji kama mshahara. Mwenye kazi ya mwezi hupata kidogo kila mwisho wa mwezi. Mkulima hukaa miezi mingi akitoa tu: mbegu, mbolea, dawa ya kuogeshea ng'ombe, ujira wa vibarua. Kisha mahindi yauzwa, au bonasi ya majani chai yalipwa, na fedha za kazi ya mwaka mzima zaingia mkononi kwa siku moja. Siku hiyo ina furaha, lakini ina hatari pia. Mwenye duka aijua, jamaa zako waijua, na kila mtu mwenye kitu cha kuuza aijua.

Siku hizi, miongoni mwa wanaokuja kuuza, wamo wanaouza hisa na bondi. Wengine ni watu wa kweli wenye leseni. Wengine ni wezi waliovaa vizuri. Wakulima hufika katika ofisi za kilimo na kuuliza maswali mawili. La kwanza: je, ni kweli kwamba mtu wa kawaida aweza kuikopesha Serikali fedha na kulipwa faida? La pili: je, ni kweli kwamba mtu wa kawaida aweza kuwa mwenye sehemu ya kampuni kubwa? Jibu la yote mawili ni ndiyo. Lakini neno "naweza" si sawa na neno "yanifaa". Soma makala haya polepole, na ikiwa una mtoto aliye shuleni, fanya naye hesabu zilizomo.

SHAMBA LA KUKODISHA NA SHAMBA LA USHIRIKA

Tuseme una ekari moja ambayo hutailima msimu huu, na jirani yako aitaka. Mwaweza kupatana kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kukodisha. Jirani akupa kodi mliyopatana, mvua inyeshe isinyeshe, na muda ukiisha ekari yako yarudi. Akivuna magunia ishirini, wewe wapata kodi ile ile. Akivuna mawili, wapata kodi ile ile pia, maadam yeye ni mtu wa kutimiza ahadi.

Njia ya pili ni ushirika. Hapo hakuna kodi. Mwapatana kugawana mavuno. Mahindi yakistawi, sehemu yako huenda ikawa kubwa kuliko kodi yoyote. Ukame ukija, mwagawana njaa.

Bondi ni ile njia ya kwanza. Wakodisha fedha zako kwa Serikali kwa malipo yanayojulikana na kwa muda unaojulikana. Hisa ni ile njia ya pili. Wawa mshirika katika kampuni. Ikipata faida wapata sehemu yako, ikipata hasara hasara hiyo ni yako pia. Ukishika mfano huu hutadanganywa kwa urahisi. Mtu akikuambia kwamba hisa anazouza hazishuki bei kamwe, ni kama akikuambia habari za shamba la ushirika lisilojua ukame. Shamba hilo haliko.

MDAIWA AWA MDAI

Kwetu sisi wa mashamba ya makazi, mkopo si jambo geni. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulioanza mwaka 1962 ulitegemea sana fedha zilizokopwa, nyingi zikitoka Uingereza. Wazee waliopewa mashamba walipewa na deni pamoja nayo, na muda wa miaka 30 wa kulipa deni la ardhi. Kwa hiyo twajua vizuri mdaiwa huwa na mzigo gani, na mdai huwa na haki gani.

Bondi yageuza mambo hayo. Safari hii wewe ndiwe mdai, nayo Serikali ndiyo mdaiwa. Serikali hukopa kwa sababu kodi peke yake haitoshi kujenga barabara, kuleta maji na kulipa madeni ya zamani.

Benki Kuu ya Kenya ndiyo inayouza hati hizi kwa niaba ya Hazina. Ziko za namna mbili. Za muda mfupi ni za siku 91, siku 182 na siku 364. Wanunua hati kwa bei iliyo chini ya thamani iliyoandikwa juu yake, na siku yake ikifika walipwa thamani kamili. Tofauti hiyo ndiyo faida yako. Za muda mrefu ndizo bondi zenyewe. Ziko za miaka miwili, mitano, kumi, hata zaidi ya ishirini. Hulipa riba kila baada ya miezi sita, na muda ukiisha hurudisha fedha zako zote. Kiasi cha chini cha kununulia bondi za kawaida ni Sh. 50,000, na cha bondi za miundombinu ni Sh. 100,000.

Mtu akitaka kununua, yampasa awe na kitambulisho, namba ya kodi na akaunti ya benki. Kisha afungue akaunti ya hati katika mtandao wa Benki Kuu uitwao DhowCSD, ulioanzishwa mwaka 2023. Hufunguliwa kwa simu au kwa kompyuta, na kuifungua hakulipiwi kitu. Asiyeweza mambo ya mitandao aweza kwenda Benki Kuu yenyewe Nairobi, au katika matawi yake ya Mombasa, Kisumu na Eldoret, au katika vituo vyake vya Nakuru, Nyeri, Meru na Kisii. Fedha hazipiti mkononi mwa mtu wa katikati. Jambo hilo ulishike sana.

Shilingi elfu hamsini ni nyingi kwa mkulima mdogo. Mwaka 2017 Serikali ilijaribu njia nyingine, ikauza bondi iliyoitwa M-Akiba kwa simu za mkono. Mtu aliweza kununua kwa Sh. 3,000 tu, naye akapata riba ya shilingi 10 katika kila mia kwa mwaka, bila kukatwa kodi, kwa muda wa miaka mitatu. Fungu la kwanza la shilingi milioni 150 lilinunuliwa lote. Fungu la pili, lililotafuta shilingi bilioni moja, lilipata kama milioni 247 tu. Bondi hiyo ilithibitisha kwamba hata mwenye fedha kidogo aweza kuwa mdai wa Serikali. Ilithibitisha pia kwamba watu hawatoi fedha zao kwa jambo wasilolielewa vizuri, na katika hilo hawana lawama.

HESABU YA BONDI

Tufanye hesabu moja kwa mfano. Tuseme umenunua bondi ya miaka 10 kwa Sh. 50,000, na riba yake ni shilingi 13 katika kila mia kwa mwaka.

Riba ya mwaka mmoja ni Sh. 6,500. Hulipwa mara mbili, yaani Sh. 3,250 kila miezi sita. Kodi hukatwa kabla hujapewa. Kwa bondi za miaka 10 na zaidi kodi hiyo ni shilingi 10 katika kila mia ya riba. Kwa zilizo chini ya miaka 10 ni shilingi 15. Basi yakatwa Sh. 325, nawe wapata Sh. 2,925. Kwa mwaka ni Sh. 5,850. Kwa miaka 10 ni Sh. 58,500, kisha Sh. 50,000 zako zarudi.

Tazama jambo jingine lenye faida kwa mkulima. Siku za kulipwa riba zajulikana tangu siku ya kwanza, nazo zimeandikwa katika tangazo la bondi. Mtu mwenye watoto shuleni aweza kuchagua bondi inayolipa mwezi wa Januari na mwezi wa Julai. Mtu anayehitaji mbolea kabla ya mvua za masika aweza kutafuta inayolipa Februari na Agosti. Hivyo mvua hata ikichelewa, kitu kidogo chaingia katika siku iliyotazamiwa.

BONDI NAYO INA SHIDA ZAKE

Usidhani kwamba kwa kuwa mdaiwa ni Serikali, basi hakuna la kuogopa. Yako mambo manne.

La kwanza ni kuuza kabla ya wakati. Bondi yaweza kuuzwa kwa mtu mwingine katika Soko la Hisa la Nairobi, lakini bei yake hupanda na kushuka. Sababu yake si ngumu. Tuseme una ng'ombe atoaye chupa 13 kwa siku, na sokoni wameletwa ng'ombe wa chupa 18. Nani atakulipa wewe bei ile ile ya ng'ombe wa 18? Mambo hayo ndiyo yaliyotokea mwaka 2024. Mwezi wa Februari Serikali ilitoa bondi ya miundombinu ya miaka minane na nusu, yenye riba ya zaidi ya shilingi 18 katika kila mia. Ilitafuta shilingi bilioni 70. Watu wakaleta zaidi ya bilioni 288. Wenye bondi za zamani za 12 na 13, waliotaka kuziuza wakati huo, ilibidi wakubali hasara. Waliotulia hawakupoteza ahadi yao hata kidogo.

La pili, riba ya leo si ya kesho. Katikati ya mwaka 2024 hati za siku 91 zililipa karibu 16 katika kila mia. Katikati ya mwaka 2025 zililipa karibu 8. Aliyepanga karo za miaka minne kwa kutegemea riba ya hati za miezi mitatu alijikuta amebaki na nusu.

La tatu ni kupanda kwa bei za vitu. Ukipata 13 katika kila mia na bei za vitu zikapanda kwa 7, mali yako imekua kwa kama 6 tu. Bei zikipanda kwa 15, umerudi nyuma ingawa shilingi ni nyingi zaidi.

La nne, hata Serikali yaweza kushindwa. Nchini Ghana, mwezi wa Desemba 2022, Serikali ilitangaza kwamba wenye bondi zake za ndani watakiwa kuzibadilisha kwa bondi mpya zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Miongoni mwao walikuwamo wastaafu waliotegemea riba hiyo kwa chakula. Kenya haijafanya hivyo. Lakini mdai mwenye akili hamkopeshi mtu mmoja mali yake yote, hata mtu huyo akiwa mwaminifu namna gani.

HISA: KUSHIRIKI FAIDA NA HASARA

Soko la Hisa la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954. Wakati huo Waafrika hawakuruhusiwa kununua wala kuuza humo. Mlango ulifunguliwa baada ya Uhuru wa mwaka 1963. Leo mkulima ye yote mwenye kitambulisho aweza kununua. Wakulima wa majani chai wajua jambo hili tayari, kwa kuwa ni wenye hisa katika viwanda vyao.

Mwenye hisa hupata faida kwa njia mbili. Kwanza ni mgawo wa faida, ambao kampuni hulipa ikiwa imepata faida na wakurugenzi wakaona yafaa kugawa. Mgawo huo hukatwa kodi ya shilingi 5 katika kila mia kwa mkazi wa Kenya. Pili ni bei ya hisa yenyewe. Ukinunua kwa Sh. 5 na ukauza kwa Sh. 8, umepata tatu. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoahidiwa. Kampuni yaweza kukaa miaka bila kugawa hata senti, wala huna mahali pa kuidai, kwa sababu wewe si mdai wake. Wewe ni mshirika wake.

Yafaa tukumbuke mambo ya mwaka 2008. Mwezi wa Machi Serikali ilitangaza kuuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa Sh. 5 kila moja. Kiasi cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani Sh. 10,000. Nchi nzima ilisimama kwenye foleni. Watu waliuza ng'ombe, wengine walikopa benki. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo mara nyingi, hata mnunuzi mdogo akapewa karibu moja tu kwa kila tano alizoomba.

Tufanye hesabu ya mtu wa mfano. Amekopa Sh. 100,000, akaomba hisa 20,000. Akapewa hisa 4,200, yaani za Sh. 21,000. Sh. 79,000 zikarudishwa baada ya wiki kadhaa, na wiki hizo zote deni la benki lilikuwa likihesabiwa riba. Hisa zilipoanza kuuzwa sokoni mwezi wa Juni, bei ilikuwa juu ya Sh. 7, na watu wakafurahi. Kabla ya mwaka kupita ilikuwa chini ya Sh. 3. Hata tukihesabu Sh. 3 kamili, zile hisa 4,200 zilikuwa na thamani ya Sh. 12,600, na deni lilikuwa pale pale.

Sasa msikilize mtu wa pili. Yeye alinunua kwa fedha zake mwenyewe, fedha asizozihitaji, akatulia. Kila mwaka akapata mgawo wake. Mwaka 2021 hisa ile ya Sh. 5 ilipita Sh. 40. Mwisho wa mwaka 2023 ilikuwa imerudi chini ya Sh. 15, na hata hivyo ilikuwa mara mbili na zaidi ya aliyotoa. Watu hao wawili walinunua kitu kimoja, siku moja, kwa bei moja. Mmoja alilazimishwa kuuza na deni. Mwingine hakulazimishwa na kitu. Tofauti yao haikuwa akili wala bahati. Ilikuwa ni fedha gani walizotumia.

Lakini kungoja peke yake hakutoshi. Hisa za KenGen ziliuzwa kwa Sh. 11.90 mwaka 2006, zikapita Sh. 30 katika siku za kwanza. Mwisho wa mwaka 2023 zilikuwa karibu Sh. 2. Hisa za kampuni ya sukari ya Mumias ziliuzwa kwa umma mwaka 2001 kwa Sh. 6.25, na miaka mitano baadaye zilipita Sh. 50. Baadaye madeni yakaizidi kampuni. Mwezi wa Septemba 2019 benki iliyoidai iliweka msimamizi wake ili ilipwe, na hisa zikaondolewa katika mauzo ya kila siku. Wakulima wa miwa waliokuwa na hisa humo walipata pigo mara mbili: muwa haukuwa na kiwanda, na hisa haikuwa na mnunuzi.

Fundisho hapa ni kubwa. Mkulima asiweke akiba yake yote katika kampuni inayonunua mazao yake. Kama vile tunavyopanda maharage pamoja na mahindi ili kimoja kikikosa kingine kiokoe nyumba, vivyo hivyo anayenunua hisa yafaa anunue za kampuni mbalimbali zenye kazi mbalimbali.

KILA SHILINGI NA KAZI YAKE

Huenda ukauliza: "Basi nifanye nini na fedha zangu?" Jibu linategemea siku utakayozihitaji. Zigawe kwa utaratibu huu.

Kwanza, deni. Mtu mwenye mkopo wa benki unaotozwa 18 katika kila mia hana sababu ya kununua bondi ya 13. Kulipa deni hilo ndiyo faida yake ya kwanza, nayo ni ya hakika. Kadhalika anayedaiwa fedha za shamba na Hazina ya Makazi, alipe. Hati ya shamba iliyo mikononi mwako ni bora kuliko hati nyingine yoyote.

Pili, shamba lenyewe. Kabla ya kupeleka Sh. 50,000 Nairobi, jiulize zingeleta nini hapa nyumbani. Je, udongo wako umepimwa? Shamba lenye chachu laweza kula mbolea mwaka baada ya mwaka bila faida, kumbe lahitaji chokaa. Je, mahindi yako yaoza kwa kukosa ghala zuri? Je, ng'ombe wako wapunguza maziwa kila kiangazi kwa sababu hukuweka majani ya akiba? Tumeona kwamba bondi ya mfano wetu yaleta Sh. 5,850 kwa mwaka. Ikiwa ghala au tangi la maji laweza kuokoa zaidi ya hizo, basi bondi yako ya kwanza ni hilo ghala. Ng'ombe wa maziwa hauzwi ili kununua karatasi.

Tatu, akiba ya shida. Weka fedha za kutosha chakula na matibabu ya miezi kadhaa mahali unapoweza kuzichukua upesi. Katika benki, bima ya Serikali hulinda amana ya kila mtu hadi Sh. 500,000 katika kila benki endapo benki itaanguka. Katika chama cha akiba na mikopo, hakikisha kwanza kwamba chama kina leseni.

Nne, bondi. Hizi ni za fedha ambazo wajua utazihitaji, lakini si sasa: karo ya mtoto aliye darasa la nne leo atakapofika chuo, au nyumba utakayojenga baada ya miaka mitano. Chagua bondi inayokwisha karibu na siku hiyo.

Tano na mwisho, hisa. Hizi ni za fedha ambazo hata zikipungua nusu, watoto watakula, watasoma, na shamba litalimwa. Ikiwa fedha za namna hiyo huna bado, usione haya. Si lazima kila mtu anunue hisa, wala anayengoja hajapitwa na kitu. Soko lilikuwapo kabla yetu, na msimu ujao bado litakuwapo.

KUJILINDA NA WALAGHAI

Hisa hununuliwa kwa wakala mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Wakala hukufungulia akaunti ambamo hisa zako huandikwa kwa jina lako. Majina ya wenye leseni hutangazwa na Mamlaka hiyo; yatafute kabla ya kutoa hata senti moja. Hata hivyo, leseni si kinga ya kila kitu. Kati ya mwaka 2007 na 2008 kampuni zaidi ya moja za wakala zilianguka na fedha za watu. Uko mfuko wa kuwafidia wanunuzi wakala akianguka, lakini fidia yake ya juu ni Sh. 50,000 kwa mtu. Kwa hiyo soma taarifa za akaunti yako mara kwa mara, na usimwachie wakala fedha zisizo na kazi.

Mwenye kuahidi faida ya 20 au 30 kwa mwezi mmoja ni mwizi. Mwaka 2006 na 2007 michezo ya upatu ya namna hiyo iliingia hata makanisani, na maelfu ya Wakenya wakapoteza akiba zao. Wa kwanza walilipwa kwa fedha za waliokuja nyuma. Wa nyuma hawakupata wa kuwalipa. Serikali yenyewe, ilipozihitaji sana fedha mwaka 2024, ilitoa 18 kwa mwaka mzima. Yeye mwenye kukupa 30 kwa mwezi azitoa wapi?

Tena, namba ya siri ya simu yako usimpe mtu ye yote, hata akijiita afisa wa Benki Kuu. Afisa wa kweli haiulizi.

ASIJUE MMOJA TU NYUMBANI

Liko jambo moja ambalo wanaume wengi hulificha. Mume anunua hisa, akaweka karatasi chini ya sanduku, wala hamwambii mkewe. Siku akifa, karatasi zadhaniwa ni takataka. Hisa na migawo isiyodaiwa kwa miaka mingi hupelekwa kwa mamlaka ya Serikali inayotunza mali zisizo na mwenyewe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Haki ya warithi haipotei, lakini watakiwa kujua kwanza kwamba mali iko, kisha kwenda mahakamani kupata hati ya kusimamia mirathi. Mjane asiyejua jina la kampuni ataanzia wapi?

Basi chukua daftari la shule. Andika jina la kampuni au namba ya bondi, namba ya akaunti, kiasi ulichotoa, na tarehe ya kulipwa. Namba za siri usiziandike humo. Mwonyeshe mume au mke wako, na mtoto mmoja mkubwa. Jaza jina la mtu wako wa karibu katika fomu ya akaunti. Na vema zaidi, msinunue kitu ambacho mmoja wenu hajakielewa. Mke akiuliza swali ambalo muuzaji hawezi kulijibu, swali hilo limewaokolea fedha.

MASWALI MATANO

Kabla ya kutoa fedha zako msimu huu, kaeni pamoja nyumbani mjibu maswali haya matano:

1. Je, tuna deni lenye riba kubwa kuliko faida tunayoahidiwa?
2. Je, shamba letu lina haja ambayo fedha hizi zingeleta faida zaidi?
3. Fedha hizi tutazihitaji mwezi gani na mwaka gani?
4. Hapa twakodisha au twashiriki? Yaani, tumeahidiwa malipo, au twagawana faida na hasara?
5. Anayetuuzia ana leseni ya nani, nasi tumeithibitisha wenyewe?

Mwenye kujibu yote matano bila kusita na anunue. Mwenye kusita katika moja na aziweke fedha zake benki mwezi mmoja zaidi, na aende akaulize. Hakuna bondi njema wala hisa njema inayoharibika kwa sababu mkulima alitaka kuielewa kwanza.